Sinema ya Kisenga na Pori la Biharamulo

Leo twataka kuzungumza habari za sinema moja iliyotolewa Uingereza mwaka 1946, jina lake Men of Two Worlds, maana yake Watu wa Dunia Mbili. Mtengenezaji wake, Bwana Thorold Dickinson, alifika Tanganyika mwaka 1943. Hadithi ni ya Kisenga, Mtanganyika aliyekaa Uingereza miaka 15 akapata sifa kwa kupiga piano, kisha akarudi kwao kufundisha. Akuta ugonjwa wa malale wakaribia, na Serikali yataka watu wahame. Mganga Magole akataa, nao watu wamwogopa yeye kuliko mbung'o.

Sehemu kubwa ya picha hiyo ilipigwa Denham, karibu na London. Kisenga ni Robert Adams, mzaliwa wa Guiana ya Kiingereza; Magole ni Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Kazi yao waliifanya vema. Ila hao wawili ndio wenye kuibeba hadithi, wala hakuna aliyezaliwa Tanganyika!

Hapa kwetu mambo hayo hayakuwa mchezo. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Biharamulo walihamishwa kwa ajili ya malale, wakakusanywa katika makao mapya. Kwa sinema, anayesita kuhama amefungwa na uchawi. Nasi twauliza: migomba aiachie nani? Na makaburi ya wazee wake? Mtu aweza kusita bila kufundishwa na mganga.

Tena, pori lile lilitoka wapi? Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika nchi hizi, ikafuatwa na njaa na ndui. Watu walipopungua, vichaka viliota palipokuwa mashamba na malisho, wanyama wa mwitu wakaingia, na mbung'o pamoja nao. Bwana John Ford, aliyeshughulika na mbung'o Afrika ya Mashariki miaka mingi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba wenyeji walikuwa na njia zao za kuuzuia ugonjwa huo kabla ya misiba ile. Jembe na mifugo vilikuwa dawa. Katika sinema mwenye jembe amekuwa mjinga wa kuokolewa.

Sehemu ya pori hilo sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Wageni huja na kamera zao, na huenda wakadhani nyika hiyo haikukaliwa na mtu tangu dunia iumbwe.