Huduma za Shule kwa Familia na Jamii Mkoani Dodoma: Ni za Nani?



Utangulizi

Katika vijiji vingi vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, shule ya msingi ndiyo jengo kubwa la umma kuliko mengine yote. Hapo watu hupiga kura, watoto humezeshwa dawa za minyoo na kichocho, na mkutano wa kijiji hukimbilia mvua ikianza. Shule zetu zinaihudumia jamii tayari. Linalohitaji kujadiliwa leo ni kwa nini huduma nyingi hukoma mara mradi unapofungwa. Hoja yangu ni kwamba huduma hudumu pale kijiji kinapoikubali kuwa yake, kikaipa msimamizi na fungu.

Tulikotoka

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, ilime na izalishe kama wanakijiji wengine. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yaliyowafundisha watoto asubuhi yakawapokea wazazi wao mchana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967 takriban watu wazima 69 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya 10.

Kampeni hizo zilifaulu kwa sababu kila somo liliishia kwenye kazi inayoonekana. Zilififia uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, kwa kuwa mafuta, vitabu na posho vilitegemea hazina ya taifa. Nchi tajiri nazo zimelipitia hilo. Uingereza iliweka lengo kwamba kufikia 2010 kila shule itoe huduma za ziada kwa familia. Mwaka 2011 fungu maalumu likaondolewa, kila shule ikaachiwa kuamua yenyewe.

Chakula

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata milimita 550 hadi 600 hivi. Ghala la nyumbani huwa tupu Januari hadi Machi, wakati kazi ya shamba imepamba moto. Hapo ndipo utoro hupanda. Kwa miaka mingi Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta chakula katika shule za Dodoma, Singida na mikoa mingine yenye ukame. Lilipojitoa, majiko mengi yalizimika.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengine walielewa kwamba hata chakula ni cha serikali, ilhali waraka wa serikali uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2021 kuhusu chakula na lishe shuleni umeweka utaratibu, lakini hauwezi kujaza ghala. Nafaka ikusanywe Juni na Julai, watu wanapovuna, badala ya kudai fedha Februari. Mtama na uwele vipokewe, maana kung'ang'ania mahindi katika ardhi hii ni kumwadhibu mkulima kwa hali ya hewa. Asiye na nafaka alete kuni au nguvu zake, na hilo liamuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, si na mwalimu mkuu ofisini. Ghala liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mzazi aliyechaguliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maji

Paa la mita za mraba 150, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 82,500 kwa mwaka. Hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 66,000, na shule nyingi huziacha zimwagike kwa kukosa gata na tanki. Maji hayo ni kinga pia: Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa wa macho wa trakoma tangu miaka ya 1980, na moja ya kinga zake ni kumwosha mtoto uso. Mwanafunzi anayenawa shuleni hupeleka desturi hiyo kwa wadogo zake nyumbani. Wanafunzi wapate maji kwanza. Yakizidi, majirani wauziwe kwa bei ya kamati, na fedha hizo zitengeneze bomba linapovunjika.

Watoto wadogo na lugha

Watoto wengi wa Kigogo, Kirangi na Kisandawe huingia shuleni Kiswahili kikiwa bado kigeni kwao. Mpango wa elimu wa EQUIP-T, ulioanza 2014, uliwafunza wanavijiji kuendesha madarasa ya wiki 12 ya utayari wa kuanza shule, yakiwamo ya vitongoji vya mbali. Wasaidizi hao bado wapo vijijini. Wanachokosa ni posho. Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, yaani UWAWA, ndio mahali pa kulijadili hilo.

Mapendekezo

1. Kila shule ianze na huduma moja, chakula au maji, kabla ya kuongeza nyingine.
2. Kila huduma iwe na msimamizi asiye mwalimu. Mwalimu ana darasa. Asigeuzwe mtunza ghala.
3. Hesabu zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu.
4. Halmashauri isipokee mradi wa shule usioonyesha nani ataulipia wafadhili wakiondoka.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, mkutano huu usiishie kwenye maazimio. Nawaomba wajumbe, kabla ya mavuno yajayo, mwitishe mkutano wa kijiji wenye ajenda moja: kiasi cha nafaka kwa kila kaya, na jina la atakayeshika ufunguo wa pili.