Msumeno wa Chuma Uliolala

Tunazungumza leo nanyi mlioko Garissa, Wajir na Mandera, na kila mahali ambapo chombo kikiharibika duka la vipuri liko mbali. Neno letu ni juu ya msumeno wa utepe wa kukatia chuma, ule wa zamani uliosukumwa kwenye kona ya karakana ukafunikwa gunia, na sasa mnunuzi wa chuma chakavu ameanza kuutolea macho.

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, chatuambia kuwa Israeli hawakuwa na mhunzi, hata ikawabidi kuwateremkia Wafilisti ili kunoa zana zao za shambani. Sisi twaijua habari hiyo kwa namna yetu. Baada ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, walimu na wafanyakazi wengi wa kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka Kaskazini Mashariki. Mtu akiondoka, huondoka na alichokuwa akikijua. Mashine hubaki.

Na kazi hubaki pia. Mikokoteni ya punda yataka ekseli. Pampu zinazovuta maji ya mto Tana kwenda kwenye migomba na miembe zataka vitako vya chuma. Kijana akikata bomba nene kwa msumeno wa mkono katika joto la Garissa, kufikia adhuhuri mkono umekwisha na mkato umekwenda kombo. Diski ya umeme yakata upesi, kweli, lakini ikipasuka huruka usoni.

Basi tuufungue. Plagi itoke ukutani kwanza. Vumbi la huku ni jembamba. Likichanganyika na grisi huwa kama dawa ya kunolea, likala beringi. Tusafishe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha tuzungushe kila gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Beringi inayokwaruza itolewe. Namba yake huwa imeandikwa ubavuni, wala hakuna haja ya kubahatisha: mpeni namba hiyo anayesafiri kwenda Nairobi.

Halafu sanduku la gia. Wengi huliruka, na hapa ndipo mashine huponea au kufia. Katika misumeno mingi ya namna hii, skrubu ya chuma husukuma gurudumu la shaba, vyote vikioga katika oili. Oili ya zamani ikimwagika ikimetameta kama dhahabu, hiyo ni shaba inayoliwa. Meno yakiwa bado manene, tuoshe, tubadilishe gasketi, tutie oili mpya, tukimwuliza muuzaji ile isiyodhuru shaba, maana zipo zinazoidhuru. Meno yakiwa yamekonda kama kisu, heri kuchongesha gurudumu jingine kabla ya kununua hata utepe.

Utepe nao una kanuni yake: meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma wakati wote. Bomba la ukuta mwembamba lataka meno madogo. Kwenye meno makubwa litanasa, na meno yatang'oka. Kwa chuma cha kawaida, mwendo wa mita kama 25 kwa dakika watosha, hivyo mkanda wa mota uwekwe kwenye puli ya polepole. Msumeno wa mbao hukimbia mara nyingi zaidi ya hapo. Ndugu anayedhani atakata chuma kwa kuubadilishia utepe tu, ataunguza pesa zake.

Mkato ukienda kombo, tusilaumu utepe mara moja. Tutazame kwanza beringi za kuuongoza, kama zimelegea au zimepinda. Kisha tuone kama utepe umekazwa, na kama jiliwa limesimama sawa nao.

Mikato michache ya kwanza isilemewe. Mkono wa msumeno uachwe ushuke taratibu, maana ncha za meno mapya ni kali mno na hukatika upesi. Tukate kipande cha chuma cha mraba, tukiwekee skwea, tukiinue kwenye mwanga. Mwiteni na yule kijana anayefagia karakana aone. Safari ijayo sanduku la gia alifungue yeye, nasi tusimame kando.