Mzee Asiketishwe Pembeni



Tunapozungumza juu ya haki za wazee, wengi wetu hufikiria chakula, blanketi na dawa. Hayo ni ya lazima, wala hatuyapuuzi. Lakini leo twapenda kukumbusha haki inayosahauliwa upesi: haki ya mzee kuendelea kutumia viungo vyake na kuwa na neno katika jamii.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima pasipo kudhulumiwa, na kutunzwa ipasavyo na jamaa zao pamoja na Serikali. Tuangalie kwamba kushiriki kumetajwa kwanza, na kutunzwa mwisho.

Nyumbani mara nyingi tunaugeuza mpangilio huo. Kwa upendo kabisa twamwambia mama mkongwe: "Keti, mama, tutakufanyia." Twampokonya jembe, ufagio na kikapu. Misuli isiyotumika hulegea, na aliyekuwa akienda sokoni peke yake hawezi tena kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Ndipo twasema ni uzee, kumbe kwa sehemu ni kuketishwa.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kwa siku 3 au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, ili wasianguke. Hayo hayahitaji fedha: kutembea, kupalilia bustani, kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa, kila mmoja kwa kadiri ya afya yake.

Kumficha mzee kuna hatari nyingine. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uzushi huo umo ugomvi wa ardhi. Mzee asiyeonekana ni rahisi kumzushia. Anayejulikana na majirani ana mashahidi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila familia imwachie mzee kazi anayoiweza, hata akiifanya polepole. Pili, jumuiya zetu zikutane mchana, mahali pa karibu penye viti vya kuegemea, na asiyefika atembelewe juma hilo hilo. Tatu, shamba la mzee lisijadiliwe wala kugawanywa yeye akiwa hayupo.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi na wawepo kweli, wakisikilizwa, si kutajwa tu katika methali. Njia tunayowatengenezea leo ndiyo tutakayoipita sisi kesho.