SOMO LA LEO: KIHAMBA KIPI?

Karibuni tena darasani, ninyi wa Moshi mjini na ninyi wa huko juu migombani, Marangu, Machame na Kibosho. Fungueni madaftari.

Kiingereza kina neno dogo la kutaja kitu kisichojulikana, "a", na jingine la kitu kinachojulikana, "the". Kiafrikana, lugha ya Makaburu waliohamia pande za Meru mwanzoni mwa karne ya 20, nacho husema "'n man", mwanamume fulani, na "die man", yule mwanamume. Neno "die" halibadiliki hata watu wakiwa wengi.

Kiswahili hakina maneno hayo. Je, ni lugha maskini? La, hasha! Kina njia zake.

Njia ya kwanza ni silabi ndogo ndani ya kitendo. Mkeo akisema, "Nimeuza kahawa," amekupa habari mpya. Akisema, "Nimeiuza kahawa," anataja kahawa ile mliyokwisha kuizungumza. Tazama hiyo "i".

Njia ya pili ni "mmoja" na "yule". Twasema, "Mtu mmoja alibisha hodi." Kisha, "Yule mtu alileta barua." Mara ya kwanza hatumjui, mara ya pili tunamjua.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mzee ana vihamba viwili. Ameandika, "Nimempa mwanangu kihamba." Kipi? Mzee anajua, na mwanawe anajua. Lakini mzee akifa, karatasi haijui, na ndugu watagombana. Hata akiandika "kihamba kile" haitoshi, maana karatasi haina kidole cha kuonyesha. Na aandike hivi: "Nimempa mwanangu wa kwanza kihamba changu kilicho chini ya mfereji, chenye mikahawa." Hapo hata mgeni atakijua.

Basi, kabla hujatia sahihi au dole gumba, uliza: Kitu gani? Kipi? Cha nani?

Zoezi. Nakili sentensi hizi, kisha mweleze mwenzako tofauti yake:
1. Nimelipa deni.
2. Nimelilipa deni.
3. Nimelilipa deni la mbolea nililokopa mwezi wa Machi.

Ukitaka stakabadhi, ni ipi itakayokulinda? Jibuni pamoja na mwalimu wenu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.