Mapishi Yetu Ndani ya Simu: Tuyaweke Mahali Tunapoweza Kuyatoa



Leo tunazungumzia programu za simu za kutunza mapishi, ambazo familia nyingi zimeanza kuzitumia. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mapishi ya nyumbani ni urithi. Bibi hukadiria tui kwa jicho na chumvi kwa ncha za vidole; akiondoka kabla ya kumwelekeza mtu, pilau yake huondoka naye. Ni vyema basi kuyaandika. Ombi letu ni moja: kabla ya kuikabidhi programu urithi huo, hakikisheni kwamba mnaweza kuuchukua tena.

Kwanza, jaribuni kutoa. Mkiisha kuandika pishi la kwanza, msiandike la pili kabla hamjalipakua lile la kwanza kama faili la maandishi na kulihifadhi nje ya programu. Kisha zimeni data, mlifungue tena. Programu nyingine hutunza mapishi ndani ya simu pekee. Simu ikiibwa, yamekwenda. Nyingine huyatunza mtandaoni. Bando likiisha hayafunguki, na mwenye programu akiacha biashara hayapatikani kabisa.

Pili, angalieni vipimo. Mafundi samani wa hapa Keko wanajua kwamba kabati lililopimwa kwa futi kamba mbili zisizolingana halifungi milango. Jikoni ni vivyo hivyo. Programu nyingi zimetengenezwa ughaibuni. Kikombe cha kupimia cha Marekani huchukua takriban mililita 240, ilhali kikombe cha kupimia mchele cha Kijapani huchukua mililita 180. Nyuzi 350 za Fahrenheit ni takriban nyuzi 177 za Selsiasi, na jiko la mkaa halina namba hata moja. Chagueni kikombe kimoja cha nyumbani, mpime ujazo wake, nanyi mwandike mapishi yenu yote kwa kikombe hicho.

Zipo pia programu zenye kitufe cha kuongeza idadi ya walaji. Mkibadili watu 5 kuwa 50, kila hitaji huzidishwa mara 10, maji ya wali yakiwamo. Lakini maji yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki mara 10 kwa kuwa sufuria ni kubwa. Anayeifuata programu bila kufikiri siku ya shughuli huwaandalia wageni bokoboko, na mchele uliochangiwa na majirani haurudi gunia.

Tatu, someni masharti ya malipo. Programu nyingine hutoa siku chache za majaribio bila malipo, kisha huanza kukata fedha kila mwezi au kila mwaka. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo hayo. Ingieni katika sehemu ya usajili ya duka la programu, msitishe hapo, na mtunze ujumbe wa uthibitisho. Utakuwa ushahidi wenu endapo fedha zitaendelea kukatwa.

Nne, lindeni taarifa zenu. Kutunza pishi la mchuzi wa samaki hakuhitaji orodha ya namba za jamaa zenu wala mahali mlipo. Programu ikiomba ruhusa hizo, kataeni. Ikigoma kufanya kazi, tafuteni nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua kwa nini taarifa zake zinakusanywa na kuomba zenye makosa zirekebishwe. Malalamiko hupelekwa katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ndugu zetu, hatusemi programu hizi ni mbaya. Humsaidia kijana aliye mbali kupika kama nyumbani, na hupunguza safari za kurudi sokoni kufuata kilichosahaulika. Ila daftari lisitupwe, kwani halihitaji chaji wala bando. Jioni ya leo, kaeni na mkubwa wa nyumba, mwandike pishi lake moja: mara moja kwenye simu, na mara moja kwa kalamu.

Akiba haiozi.