KUVU YA BAFUNI HAIONDOKI KWA RANGI
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika)



Kuna pendekezo la kununua rangi ya bafu la ofisi ya ushirika. Limeshapakwa mara 2 na kuvu imerudi. Sisi wa Tawi tunasema rangi isinunuliwe.

Kuvu ni kitu hai. Mbegu zake ni ndogo, hazionekani kwa macho, zimo hewani kila mahali. Huwezi kuzifungia mlango. Zikikuta ukuta umelowa siku moja au mbili bila kukauka, zinaota. Ukipaka rangi juu yake, kuvu inakula chini kwa chini, kisha rangi inabanduka na fedha ya wanachama imekwenda.

Hivi mmejiuliza mabafu ya zamani yalikuwaje? Wazee wetu walipohimizwa kuchimba vyoo katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, bafu lilikuwa uani, kiwambaza cha makuti, juu wazi. Jua linaingia, upepo unapita, saa nne asubuhi pamekauka. Siku hizi bafu tumelitia ndani ya nyumba ya matofali, kidirisha cha kuchungulia, nacho kimezibwa na gunia! Na huku kwetu pwani, masika ya Machi hadi Mei hewa yenyewe imelowa. Maji yatakaukia wapi? Bafu la ndani tunalitaka, jamani, lakini na upepo ujengewe njia.

Kuiondoa hakuhitaji mtaalamu. Acha mlango wazi, funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glovu. Lowesha ukuta kwanza ili vumbi lake lisiruke. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, kausha. Kwenye saruji au vigae unaweza kutumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isizidi kikombe 1 kwa lita 4 za maji.

Hapa tunataka wasikie hata waliokaa barazani. Dawa hiyo isichanganywe na dawa kali ya choo, wala siki, wala ndimu. Inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Wala isimwagwe penye mkojo kabla hapajamwagwa maji mengi. Anayesugua mara nyingi ni binti wa nyumbani. Tusimpe chupa mbili halafu tukamfungia mlango.

Bafu hilo linatumiwa na watoto wetu wa chekechea. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu majumbani huenda pamoja na kikohozi na pumu.

Basi, fedha ya rangi inunue matofali 4 ya matundu, yawekwe juu ukuta wa nyuma, na bomba linalovuja litiwe washa mpya. Ukuta ukishakauka kabisa tutapaka chokaa, kuvu haiipendi. Anayeoga mwisho akaushe sakafu na aache mlango wazi.

Fundi anakuja Jumamosi. Tunahitaji vijana 3 wa kutoboa ukuta, na kila shina lilete ndoo moja. Majina yaandikwe kwa karani kabla ya Ijumaa jioni.