Mzee Fogerty na Nyimbo Zake

Tarehe 28 Juni 2025 mzee wa miaka 80 alipanda jukwaa kubwa la tamasha la Glastonbury, Uingereza, gitaa begani, wanawe wawili wakipiga naye, BBC ikimrusha mubashara. Jina lake John Fogerty, Mmarekani wa California. Alipiga nyimbo alizozitunga akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliyemwona siku ile kwa mara ya kwanza huenda alisema huyu mzee kabarikiwa, anakula jasho la ujana wake. Kumbe nyimbo zile zilikaa mikononi mwa watu wengine zaidi ya nusu karne. Zilikuwa zimemrudia miaka miwili na nusu tu kabla ya hapo.

Mwaka 1969 bendi yake, Creedence Clearwater Revival, ilitoa albamu tatu ndani ya mwaka mmoja. Waliitwa kwenye kipindi cha Ed Sullivan, ambacho Wamarekani walikaa sebuleni familia nzima kukitazama Jumapili usiku. Nyimbo karibu zote alizitunga John, aliziimba John. Lakini kwenye makaratasi ya kampuni iliyotoa rekodi zao, Fantasy, hazikuwa mali yake. Walikuwa wametia saini wakiwa vijana wenye hamu ya kusikika, na kijana mwenye hamu hiyo hasomi mkataba. Anatafuta tu pa kuandika jina lake.

Hapa tuelewane, maana wengi huchanganya. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Wimbo ukiimbwa jukwaani au kwenye televisheni, mwenye haki za utunzi anastahili malipo, hata kama anayeuimba ni mtunzi mwenyewe. Fogerty alibaki na sifa ya utunzi, haki zikawa za Fantasy, kampuni ya mfanyabiashara Saul Zaentz. Faida ya Creedence ilimsaidia Zaentz kuingia kwenye filamu, na akashinda Oscar, ikiwemo ya Amadeus. Fogerty, ili aachiwe kutoka kwenye mkataba ule, alifika mahali akakubali kuacha hata mirabaha yake ya rekodi za bendi.

Ndipo akaacha kuziimba. Kwa takriban miaka 15 hakuzipiga kwenye maonyesho yake, kwa sababu kila akizipiga, fedha inakwenda kwa mtu ambaye yeye Fogerty aliamini amemdhulumu. Mwaka 1985 alirudi kwa kishindo na albamu ya Centerfield, akatengenezewa kipindi maalumu cha televisheni, wapigaji hodari wamemzunguka. Mashabiki wakakaa kusubiri. Wakasikia nyimbo mpya, wakasikia nyimbo za wakongwe wa blues na soul. Wa Creedence hata mmoja. Mimi nikikifikiria kipindi kile huona uchungu: sauti ni ileile, mikono ni ileile, na nyimbo zilizomtambulisha duniani zimefungiwa ndani ya kifua chake mwenyewe.

Mwanamuziki mwenzake Bob Dylan ndiye aliyemshtua, mwaka 1987, kwenye klabu moja ya California. Alimwambia kwamba asipouimba wimbo wake Proud Mary, watu watadhani ni wa Tina Turner. Julai mwaka huohuo, kwenye tamasha la askari waliopigana Vietnam, Fogerty akazifungua nyimbo zake mbele ya wale waliozisikiliza vitani.

Wakati huohuo alikuwa na kesi mahakamani. Fantasy ilimshtaki kwamba wimbo wake mpya, The Old Man Down the Road, umenakiliwa kutoka Run Through the Jungle. Na huo wa pili aliutunga nani? Fogerty huyohuyo. Mtu anashtakiwa kwa kufanana na nafsi yake! Mwaka 1988, mjini San Francisco, alipanda kizimba cha mashahidi na gitaa lake. Akapiga wimbo mmoja, akapiga wa pili, akawaonyesha raia waliokaa kuamua kesi jinsi vidole vyake vinavyokwenda kwenye nyuzi, na kwa nini mtunzi mmoja hawezi kukwepa mwendo wa mkono wake. Akashinda. Kisha akadai gharama za mawakili, akapanda nazo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 majaji wote wakakubaliana naye kwamba mshtakiwa akishinda kesi ya hakimiliki na kudai gharama hizo, apimwe kwa kipimo kilekile cha mshtaki aliyeshinda.

Lakini hata ushindi ule haukumrudishia nyimbo. Kaka yake Tom, aliyekuwa naye kwenye bendi, alifariki mwaka 1990 wakiwa hawajapatana, na ugomvi wa kampuni ulikuwa katikati yao. Hilo hakuna mahakama inayolilipa.

Januari 2023, baada ya Fantasy kuuzwa kwa kampuni nyingine, alinunua sehemu kubwa ya haki za utunzi wa nyimbo zake. Nasema alinunua. Alitoa fedha kulipia kilichotoka kichwani mwake. Rekodi za zamani hazikumrudia, basi akaingia studio upya na wanawe, na mwaka 2025 akatoa nyimbo 20 za Creedence zilizorekodiwa upya.

Siku ileile ya Glastonbury, usiku, alipanda jukwaani mwanamuziki mkongwe mwingine, Neil Young. Naye alikuwa amekataa kuonyeshwa mubashara, kisha dakika za mwisho akakubali. Wapo waliomlaumu. Mimi simlaumu. Msanii kuwa na uwezo wa kusema hapana ndiyo haki yenyewe, na Fogerty aliikosa kwa miaka mingi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua uchungu huu. Fadhili William aliurekodi Malaika, Adam Salim akadai ni utunzi wake, na wimbo ukazunguka dunia kwa sauti za wengine huku ubishi ukibaki nyumbani.

Kwa hiyo nakuomba wewe kijana uliyewekewa mkataba mezani wiki hii, huku producer anakupigia simu akikuharakisha. Usisaini leo. Utafute wakili, hata kwa kuchangiwa na ndugu, umuulize mambo mawili: utunzi utaandikwa mali ya nani, na utakurudia mwaka gani. Fogerty alisubiri hadi miaka 77.